Ndege Aliyeanguka Bustanini

Somo kwa makatekista, kwa walimu wa madarasa ya chini, na kwa wazazi



Mvua za kwanza zinapofika hapa Niemba, katika mwezi wa Oktoba, hutanguliwa na upepo mkali uvunjao matawi na kuangusha viota. Kesho yake asubuhi watoto hukuta ndege ardhini: katikati ya mihogo, chini ya mwembe, kando ya ukuta wa kanisa. Pengine ni kinda, pengine ni ndege mzima asiyeweza kuruka. Mtoto humwokota, humficha ndani ya shati, humleta darasani, na mara wenzake humzunguka. Hapo mwalimu huulizwa maswali matatu kwa mkupuo mmoja: Tumfanyeje? Sasa ni wangu? Twaweza kumla?

Maswali hayo ni mafupi, lakini yamebeba sehemu kubwa ya mafundisho yetu juu ya Mungu Muumba, na juu ya mtu aliyekabidhiwa dunia ili aitunze. Mwalimu asiye na jibu husema, "Mtupe nje, tuendelee na somo," kumbe somo lenyewe lilikwisha kuingia mlangoni. Kwa hiyo nimeona yafaa kuandika hapa mambo ambayo katekista apaswa kuyajua, ya dini na ya kazi ya mikono pamoja, kwa maana katika jambo hili hayatengani.

Shomoro wa tano

Katika Injili ya Mtakatifu Mateo, sura ya 10, Bwana wetu awatuma Mitume wake katika kazi ngumu na kuwaambia wasiogope. Awapa mfano wa shomoro wawili wauzwao kwa sarafu moja ndogo, naye asema kwamba hata mmoja wao haanguki chini pasipo Baba. Mtakatifu Luka, katika sura ya 12, ataja bei nyingine: shomoro watano kwa sarafu mbili. Mtoto ajuaye hesabu ataona jambo hapo. Ikiwa wawili huuzwa kwa sarafu moja, basi kwa sarafu mbili hupatikana wanne. Huyo wa tano ni nyongeza tu, ni yale tuyaitayo matabishi sokoni. Mwuzaji amemtupia mnunuzi ili amfurahishe. Hana bei hata kidogo. Hata hivyo Bwana asema kwamba hakuna mmoja kati yao aliyesahauliwa mbele ya Mungu.

Nawashauri walimu waandike hesabu hiyo ubaoni kabla ya kuisoma Injili. Watoto huielewa upesi kuliko maelezo marefu, kwa sababu kila mmoja wao amekwisha kutumwa sokoni na mama yake, na kila mmoja amewahi kudai matabishi.

Tena tuangalie vema maneno ya Bwana. Hakusema kwamba shomoro haanguki. Shomoro aanguka. Jambo alilolifundisha ni kwamba hakuna anguko lililofichika mbele ya macho ya Baba. Jambo hilo tusilipite haraka. Watoto wa jimbo letu la Tanganyika, ambao wazazi wa wengi wao walikimbia vijiji vyao katika mapigano ya mwaka 2016 na 2017, hawatatusadiki tukiwaambia kwamba asiye na hatia haanguki kamwe. Lakini mtoto aweza kusadiki kwamba aliyeanguka anaonwa; na ataamini zaidi akimwona mwalimu wake ameinama chini kumtazama ndege asiye na bei.

Macho kabla ya mikono

Kosa la kwanza la watu wenye huruma ni haraka. Ndege wengi wanaookotwa bustanini hawakuwa na haja ya kuokotwa.

Kinda aliyekwisha kuota manyoya, mwenye mkia mfupi, arukaye-rukaye chini kama chura, hakupotea wala hakutupwa. Ameondoka kiotani kwa wakati wake, naye yumo katika shule ya kuruka. Mama na baba yake wako juu ya mti, wanamwita, nao wanangoja tu watu waondoke ili wamletee chakula. Mtoto amchukuaye huyo kwa huruma amemnyang'anya wazazi wake. Basi mwalimu awafundishe watoto kuketi mbali, kimya, kwa muda wa Rozari mbili, na kutazama. Mara nyingi watamwona mama akishuka na panzi mdomoni. Ikiwa kuna paka au mbwa karibu, au kinda yuko njiani mwa pikipiki, inatosha kumhamisha hatua chache na kumweka ndani ya kichaka.

Kinda aliye uchi, asiye na manyoya, yeye hakika ameanguka kabla ya wakati. Huyo arudishwe kiotani, upesi, kabla hajapoa. Wazee wengi husema kwamba mama hatamkubali tena kwa kuwa amepata harufu ya mtu. Si kweli. Ndege walio wengi hawategemei pua katika kuwatambua watoto wao, wala hawawaachi kwa ajili ya harufu ya vidole vyetu. Kiota kikiwa kimevunjika, tuchukue kikapu kidogo au kibuyu kilichokatwa, tukitoboe chini ili maji ya mvua yasitwame, tutie majani makavu, tukifunge juu ya mti ule ule. Wazazi humfuata mtoto kwa sauti yake.

Wa tatu ni ndege aliyeumia kweli: bawa moja laning'inia kuliko jingine, kuna damu, kichwa kimepinda, au amepokonywa kinywani mwa paka. Jeraha la jino la paka, hata likiwa dogo kama tundu la sindano, huingiza sumu ya ugonjwa mwilini mwa ndege, na ni wachache wanaopona.

Ndege wa mchikichi

Yuko ndege mmoja ambaye nataka nikae naye zaidi, kwa maana ndiye anayewadanganya watu kuliko wote. Ni yule mwembamba, mwenye rangi ya kijivu cha udongo na mkia uliopasuka katikati, anayezunguka michikichi mchana kutwa bila kutua. Wengi wetu humwita mbayuwayu tu. Vitabu vingine humwita teleka, ili kumtenga na mbayuwayu ajengaye kwa matope chini ya mapaa yetu. Huyu hajengi kwa matope. Huchukua manyoya laini, huyagandisha kwa mate yake chini ya jani la mchikichi, hasa jani la zamani lililoinama na kuning'inia. Kisha hugandisha hata mayai yake kwa mate hayo hayo, ili upepo usiyaangushe. Mama na baba huyaatamia wakiwa wamesimama wima, wameshika jani kwa kucha. Nimewaonyesha wanafunzi jani la namna hiyo, na hakuna mahubiri juu ya hekima ya Muumba yaliyowanyamazisha kama lile jani.

Basi watu wanapokwea michikichi na kukata majani, au dhoruba inapoyavunja, ndege huyu hufika chini. Akifika chini yu katika taabu kubwa. Miguu yake ni mifupi mno, na vidole vyake viliumbwa kwa kushika ukuta au jani; hawezi kutembea wala kuruka-ruka kama shomoro. Mabawa yake ni marefu hata yanapiga ardhi anapojaribu kuondoka. Ajikokota mavumbini, na kila amwonaye husema, "Amevunjika mabawa." Mara nyingi hakuvunjika kitu. Amekosa nafasi ya hewa chini yake, basi.

Jinsi ya kumsaidia ni hii. Mshike kwa upole kwa mikono miwili, mabawa yakiwa yamekunjwa. Tazama kama mabawa yote mawili yamelala sawasawa na kupishana juu ya mkia. Kama yako sawa, nenda naye mahali peupe pasipo miti, kama uwanja wa mpira, asubuhi au alasiri kabla ya giza. Mweke juu ya kiganja kilicho wazi, inua mkono juu ya kichwa chako, umwelekeze upepo unakotoka, ungoje. Huenda ukangoja dakika kadhaa. Atatetemesha mabawa, hiyo siyo hofu peke yake, ni kuipasha moto misuli yake. Kisha ataondoka mwenyewe. Usimrushe hewani kamwe, kama watoto wafanyavyo kwa furaha, kwa maana aliye mchovu au aliyeumia ndani ataanguka kama jiwe. Asipoondoka, mrudishe gizani ndani ya kisanduku, ujaribu tena kesho. Na jani lililokatwa likiwa na kiota chenye mayai au makinda, laweza kufungwa tena kwa kamba juu ya shina lile lile, likining'inia kama lilivyokuwa.

Tomaso wa Celano, mtawa wa karne ya 13 aliyeandika maisha ya Mtakatifu Fransisko wa Asizi, asimulia kwamba Fransisko alipokuwa akivuka ziwa la Rieti kwa mtumbwi, mvuvi alimpa ndege wa majini. Fransisko alimpokea kwa furaha, akafungua mikono yake, akamwambia aende zake. Ndege hakutaka kwenda. Fransisko akasali muda mrefu huku ndege amekaa mikononi mwake. Alipomaliza akambariki na kumwamuru arudi katika uhuru wake wa kwanza, naye akaruka. Nataka watoto wa Niemba waijue habari hiyo, kwa sababu inafanana sana na kazi ya kiganja kilicho wazi. Mtakatifu huyo ndiye ambaye Papa Yohane Paulo II alimtangaza tarehe 29 Novemba 1979 kuwa msimamizi wa wale wanaoshughulikia utunzaji wa viumbe na mazingira.

Kisanduku, chakula, na kuku wa nyumbani

Ndege aliyeumia, au aliyejigonga ukutani akalewa, anahitaji kwanza vitu vitatu: giza, ukimya na joto. Atiwe ndani ya kisanduku cha karatasi ngumu chenye matundu madogo, juu ya kitambaa, mahali pasipo jua kali wala moshi. Watoto watataka kufungua kila dakika, mwalimu asikubali. Kwa ndege wa porini, uso wa mtu ni uso wa mnyama mkali, na hofu peke yake yaweza kumwua. Aliyejigonga tu mara nyingi hupona kwa saa moja au mbili, na akiachiliwa huenda zake.

Asimiminiwe maji mdomoni. Tundu la pumzi la ndege liko nyuma kidogo ya ulimi, na tone moja lililoingia huko humzamisha. Awekewe maji katika kifuniko, anywe mwenyewe akitaka. Asipewe maziwa, hakuna ndege aliyenyonyeshwa na mama yake. Asipewe mkate wala bukari. Mdomo utatuambia chakula chake: mdomo mnene na mfupi ni wa nafaka, basi mtama au ulezi, mdomo mwembamba ni wa wadudu, basi kumbikumbi, panzi wasio na miguu migumu, na funza wa mbao. Ndege aliyenaswa kwa ulimbo anyunyiziwe unga kwanza, ili manyoya yasizidi kugandamana, kabla ya kuanza kumtoa kidogo kidogo. Aliyenaswa katika wavu wa wavuvi wa Lukuga asivutwe. Ukatwe uzi, na mwenye wavu aombwe radhi.

Jambo moja nalisisitiza kwa ajili ya akina mama. Ndege wa porini mgonjwa asiwekwe kamwe pamoja na kuku. Sote twajua mdondo unavyomaliza kuku wa kijiji kwa juma moja. Tena iko homa ya ndege: mwaka 2017 iliua ndege wengi kando ya Ziwa Viktoria katika Uganda, kisha ikaonekana kwetu Kongo, katika Ituri, kando ya Ziwa Albert. Kwa hiyo tukikuta ndege wengi wamekufa au wanayumba mahali pamoja, watoto wasiguse hata mmoja. Apewe habari mganga wa mifugo au mkuu wa kituo cha afya. Na baada ya kumshika ndege ye yote, mikono ioshwe kwa sabuni.

Bundi

Mtoto akileta njiwa, watu wazima hutabasamu. Akileta bundi, hupiga kelele.

Bundi huonekana chini mchana kwa sababu za kawaida kabisa. Makinda yake hutoka kiotani kabla hawajajua kuruka, hupanda matawi kwa kucha, na baadhi yao huanguka. Bundi mzima naye, akikutwa nje mchana, husumbuliwa na ndege wadogo hata akachoka. Lakini watu hawaulizi, "Ameangukaje?" Huuliza, "Ametumwa na nani?" Huponda kichwa chake kwa mawe, humchoma moto, kisha macho yao hugeukia nyumba ya karibu, hasa kama humo anakaa bibi mzee peke yake, asiye na mwana wa kumtetea. Walimu wenzangu, hapa ndipo ndege mmoja aliyeanguka awezapo kumwangusha mtu. Twajua sote kwamba katika mashariki ya nchi yetu kuna wazee waliopigwa, waliofukuzwa na hata waliouawa kwa kusingiziwa uchawi, na mara nyingi neno lilianza na kitu kidogo kama hicho.

Katekista asinyamaze. Amri ya kwanza yakataza kumpa kiumbe nguvu iliyo ya Mungu peke yake. Mwenye kusadiki kwamba sauti ya bundi inaua, amemfanya bundi kuwa bwana wa uhai na mauti. Na mwenye kumshitaki jirani yake kwa ushahidi wa bundi, amevunja pia amri ya nane, na yu karibu na kuivunja ya tano. Yasemwe waziwazi, siku ile ile, mbele ya bundi mwenyewe.

Lakini kukataza hakutoshi. Macho ya watoto yapewe kitu cha kuona. Chini ya mti anapolala bundi hupatikana vidonge vya rangi ya kijivu, kadiri ya kidole gumba. Bundi humeza panya mzima mzima, kisha hutapika mifupa na manyoya. Lilowesheni kidonge kimoja majini, kipasueni darasani kwa miiba miwili: mtapata fuvu la panya, meno yake ya njano, mbavu nyembamba kama uzi. Waulizeni watoto ni nani alaye mahindi ghalani usiku, na ni nani amlaye huyo mla mahindi. Mtoto aliyeshika fuvu hilo kwa vidole vyake hatasadiki kwa urahisi kwamba bundi ametumwa na bibi wa jirani.

Kumshika bundi kwahitaji nguo nene, kwa maana kucha zake huingia nyamani. Kinda lake lirudishwe juu ya tawi, hata kama ni la chini, nalo litapanda lenyewe jioni.

Maswali ya watoto

Majibu haya ni mafupi ili yakaririwe. Yamefuata Katekisimu ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1992, namba 2415 hadi 2418, ambazo mwalimu afadhali azisome mwenyewe.

Swali: Je, ndege niliyemwokota ni wangu?
Jibu: Yeye ni wa Mungu. Wewe umepewa kazi ya kumsaidia, na kazi hiyo huisha siku anaporuka.

Swali: Je, ni dhambi kumla ndege?
Jibu: Si dhambi kula nyama kwa haja ya mwili; Mungu ametupa wanyama tuwatumie kwa haki.

Swali: Je, ni dhambi kumtesa?
Jibu: Ndiyo. Kumtesa au kumwua bure mnyama kwaiaibisha heshima ya mwanadamu mwenyewe.

Swali: Je, yafaa kumnunulia ndege dawa wakati jirani yetu hana dawa?
Jibu: Hapana. Mwenye shida kati ya watu atangulie.

Juu ya swali la pili nataka niongeze neno, kwa sababu walimu wengine hulikimbia. Mtoto wa Niemba anayeuliza kama aweza kumla ndege hana moyo mbaya. Huenda hakula tangu jana. Tusimjibu kama watu walioshiba. Hata Sheria ya Musa, katika Kumbukumbu la Torati sura ya 22, yampa ruhusa msafiri aliyekuta kiota achukue makinda, lakini yamwagiza amwache mama aende zake. Mungu alimpa mwenye njaa chakula, na papo hapo akaiwekea mpaka mikono yake. Hivyo baba wa nyumba aliyemkuta kanga amevunjika mguu shambani na kumchinja, hakutenda uovu. Lakini ndege aliyekutwa mgonjwa bila jeraha asiliwe na mtu ye yote; sababu yake nimekwisha kuieleza.

Dhambi tunayoiona kila juma haitoki tumboni, yatoka katika mchezo. Uzi hufungwa mguuni, ndege hurushwa, huvutwa, hurushwa tena, hata mguu ukakatika. Naye hatupwi mpaka afe. Manati nayo huelekezwa kwa shomoro waliotua juu ya paa, ambao hawatajaza hata kijiko, kwa shabaha ya kuchekesha wenzi. Mwalimu asimcharaze mtoto huyo viboko, kwa maana atakuwa amemfundisha jambo lile lile analolikataza, yaani kwamba mwenye nguvu humwumiza asiye nazo. Ampe ndege yule kisanduku, ampe na kazi ya kumlinda mpaka jioni. Marehemu Papa Fransisko, katika waraka wake Laudato si' wa mwaka 2015, alikumbusha maneno ya Bwana juu ya shomoro na kuuliza twawezaje basi kuwadhulumu viumbe ambao Baba hawasahau.

Na kama mfupa umetoboa ngozi, na ndege yu katika maumivu yasiyo na tumaini? Hapa kwetu hatuna hospitali ya ndege. Kituo cha Lwiro katika Kivu ya Kusini, kinachowatunza sokwe yatima tangu mwaka 2002, hupokea pia kasuku, lakini ni mbali sana nasi. Basi mtu mzima, wala si mtoto, ayakatishe mateso hayo upesi, pasipo macho ya wadogo. Watoto wakitaka kumzika, waacheni wachimbe shimo. Wasimfanyie ibada ya maziko ya Wakristu wala wasimwekee msalaba wa kaburini, maana hayo ni ya wabatizwa. Wimbo mmoja wa kumsifu Muumba watosha.

Ndege mwenye pete

Limebaki jambo moja ambalo mwalimu wa hapa aweza kukutana nalo kuliko mwalimu wa mahali pengi pengine, kwa kuwa juu ya nchi yetu hupita safari kubwa za ndege kila mwaka. Kati ya Oktoba na Aprili wako kwetu mbayuwayu na korongo weupe waliozaliwa Ulaya. Yuko pia teleka wa Ulaya, ambaye hukaa miezi mingi juu ya misitu ya Kongo. Mwaka 2016 wachunguzi wa Chuo Kikuu cha Lund, Uswidi, walitangaza kwamba baadhi ya hao hukaa hewani miezi 10 mfululizo. Pengine ndege aliyeanguka bustanini atakuwa na pete nyembamba ya chuma mguuni. Watu huogopa: wengine husema uchawi, wengine husema upelelezi. Mwaka 2013 huko Misri, katika jimbo la Qena, korongo mmoja mwenye chombo cha kuonyesha safari yake alitiwa kizuizini na polisi kwa kudhaniwa mpelelezi. Aliachiliwa kwa heshima, na baada ya siku chache wenyeji wa kusini wakamla.

Pete si kitu cha kuogopesha. Mwalimu mmoja wa Denmark, Hans Christian Mortensen, ndiye aliyeanza mwaka 1899 kuwavisha ndege pete zenye namba na anwani, ili ajue wanakokwenda. Kabla ya hapo wataalamu wa Ulaya walibishana sana, wengine wakidhani mbayuwayu hulala chini ya matope ya ziwa wakati wa baridi. Afrika ndiyo iliyowajibu, bila kukusudia: mwaka 1822, karibu na Klütz katika Ujerumani, alipigwa risasi korongo aliyekuwa na mkuki wa Kiafrika umepenya shingoni mwake. Aliuvumilia mkuki wetu hata akafika kwao, akafa kwa bunduki ya nyumbani. Mwili wake wahifadhiwa mpaka leo katika Chuo Kikuu cha Rostock. Kisha zikaja pete: mbayuwayu aliyevishwa pete katika Uingereza mwezi wa Mei 1911 alipatikana katika Natal, Afrika ya Kusini, mwezi wa Desemba 1912.

Kwa hiyo, ndege mwenye pete akiwa hai, pete isivuliwe. Nakilini kila herufi na kila namba, hata zile ndogo. Mara nyingi mtaona jina la mji, kama PARIS, BRUXELLES, RADOLFZELL au GDANSK. Mwenye simu apige picha ya pete pande zote. Kisha ndege aachiliwe kama nilivyoeleza. Akiwa amekufa, pete itolewe na kuhifadhiwa. Andikeni tarehe, mahali (Niemba, juu ya mto Lukuga, wilaya ya Kalemie), ndege alivyo, na jinsi alivyopatikana. Habari hiyo ipelekwe kwa anwani ya pete, au kwa njia ya intaneti kwa umoja wa vituo vya pete vya Ulaya uitwao EURING. Wenye pete huwa na desturi ya kujibu, na kumwambia aliyeandika ndege wake alivishwa pete wapi na mwaka gani. Barua hiyo ikifika, isomwe darasani, na mtoto aliyemwokota ndege ndiye aoneshe njia yake juu ya ramani, kwa kidole, kutoka mji ule wa mbali hadi kwenye mihogo ya mama yake.